Msafiri Alale, na Mbwa Wake Alale

Ipo njia moja nyepesi ya kuipima amani ya nchi, nayo haihitaji takwimu wala hotuba. Mtazame msafiri asiyejulikana na mtu yeyote mahali hapo, aliyelisimamisha gari lake kando ya njia wakati jua linazama. Je, atalala? Na ikiwa anaye mbwa, je, mbwa huyo atakilaza kichwa chake juu ya miguu yake, au atakesha akibweka? Pale ambapo mgeni na mbwa wake wanalala hadi alfajiri, hapo pana amani. Pale wanapokesha, amani ingali maneno matupu.

Tunayaandika haya kwa sababu ya jambo dogo tulilolishuhudia Ruharo, mjini Mbarara. Ruharo, kama wengi wenu mnavyojua, ni ule mlima wenye kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo na hospitali ya misheni ambayo wagonjwa wa macho huijia kutoka mbali, kando ya barabara iendayo Ishaka na Kasese. Jioni moja tulimkuta huko mzee mmoja wa Kifaransa pamoja na mkewe. Gari lao lilikuwa nyumba ya magurudumu, lenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake. Walikuwa wameomba ruhusa kwa mwenye kiwanja, wakaegesha karibu na migomba yake. Mama alinunua maziwa na ndizi kwa jirani. Mzee alitandika mkeka kwenye majani, na juu ya mkeka huo akajinyosha mbwa wao wa rangi ya kahawia, ambaye mdomo wake ulikwisha kuota mvi.

Giza lilipoingia wakaja askari wawili wa doria. Walisalimu kwanza. Kisha wakauliza wageni wametoka wapi, wanakwenda wapi, na ni nani aliyewaruhusu kulala pale. Walitazama hati za kusafiria na hati za gari, wakazirudisha kwa mkono wa kulia. Aliyekuwa mkubwa kwa cheo akawaandikia namba ya simu ya kupiga likitokea jambo usiku. Kabla ya kuondoka akauliza jina la mbwa. Yule mama akacheka hata machozi yakamlengalenga, na asubuhi yake alitueleza sababu. Siku chache kabla ya hapo, mahali pengine njiani ambapo hatutapataja, waliamshwa usiku wa manane kwa kupigiwa madirisha, wakamulikwa tochi usoni, wakaamriwa waondoke mara moja bila kuelezwa kosa lao wala kuonyeshwa pa kwenda. Mzee akaendesha gari gizani kwa muda wa saa mbili, macho mazito, katikati ya malori, huku mbwa akitetemeka chini ya kiti.

Bila shaka yuko msomaji atakayeuliza: gari la Mzungu na mbwa wake vinamhusu nini askari aliyeko lindoni? Sisi tunasema vinamhusu sana.

Mji Uliojua Kukesha

Mbarara ni mji unaojua maana ya kukosa usingizi. Mwezi wa Septemba 1972 wapiganaji waliotoka Tanzania kumpinga Idi Amin waliishambulia kambi ya jeshi mjini humo, nao wakashindwa. Mwezi wa Februari 1979, katika vita vilivyoanza kwa uvamizi wa Kagera, majeshi ya Tanzania yaliuteka mji huo, na majengo yake mengi yakabomolewa. Wazee wa Ruharo, Kamukuzi na Kakoba wanaokumbuka siku zile hawahitaji kufundishwa na mtu yeyote tofauti iliyopo kati ya usiku wa amani na usiku wa vita.

Leo Mbarara ni jiji, hadhi uliyoipata mwezi wa Julai 1 mwaka 2020. Barabara itokayo Mombasa, Nairobi na Kampala hupita hapo ikielekea Kabale, Katuna na Kigali, na tawi lake huelekea Kasese na mpaka wa Kongo. Malori, mabasi na wageni wa kila namna hupita mchana na usiku. Hapana budi tukiri kwamba hali hii haikushuka kama mvua. Imelindwa na watu waliovaa sare, ambao baadhi yao hawakurudi makwao. Kwa hiyo tunapomwona mzee wa kigeni amelala Ruharo bila woga, tunapaswa kujua kwamba usingizi ule ni matunda ya jasho lenu. Ni jambo la ajabu basi kwamba askari mmoja mmoja aweza kuyaangusha matunda hayo kwa tochi na sauti kali.

Wala hatusemi kwamba hatari imekwisha. Mnamo tarehe 17 Oktoba 2023, watalii wawili waliokuwa katika fungate yao pamoja na Mganda aliyekuwa akiwaongoza waliuawa ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, na gari lao likachomwa moto. Serikali ililitaja kundi la ADF kuwa ndilo lililofanya unyama huo. Barabara ipitayo chini ya mlima Ruharo ndiyo iendayo upande huo. Basi yeyote asemaye kwamba askari asimwulize mgeni jambo lolote, huyo hawatakii mema wageni wenyewe.

Ukaguzi na Adabu

Hoja yetu ni kwamba ukaguzi na adabu si maadui. Tazameni tena wale askari wawili wa Ruharo. Katika dakika kumi walipata kujua majina ya wageni, walikotoka, waendako, namba ya gari na mwenyeji wao. Wale waliopiga madirisha usiku wa manane hawakujua lolote kati ya hayo. Waliwafukuza watu wasiowajua kwenda mahali wasipopajua. Ni nani kati ya makundi hayo mawili aliyeilinda nchi? Mtu aliyesalimiwa husema mengi, naye akiona jambo la mashaka asubuhi atarudi kutoa habari. Mtu aliyetishwa hufunga mdomo, na hataki tena kuiona sare.

Lipo pia suala la lugha, ambalo ni letu sisi tunaoandika na kusoma ukurasa huu. Kiswahili kimekuwa lugha ya majeshi na polisi wa Uganda tangu zama za wakoloni. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili. Lakini katika miaka ya 1970 na 1980 raia wengi wa kusini mwa nchi walikijua kama lugha ya amri za vizuizini na lugha ya wezi wenye bunduki. Aibu hiyo haikutokana na Kiswahili. Ilitokana na vinywa vilivyokitumia. Lugha yenye maneno kama “karibu”, “pole na safari” na “tafadhali” haikuumbwa kwa matusi. Kila askari anayemsalimu msafiri kwa Kiswahili chema anaifuta aibu hiyo kidogo kidogo, na kila anayefoka anaiandika upya.

Na kuhusu “kitu kidogo”, tuseme wazi. Msafiri aliyechoka ni mtu dhaifu. Anataka kulala, naye yu tayari kulipa ili aachwe. Kumtoza fedha mtu wa namna hiyo ni kumwibia mgonjwa. Kama kuna ada ya maegesho iliyowekwa na mamlaka ya mji, na ilipwe kwa stakabadhi. Kama hakuna, mkono wa askari ubaki mfukoni mwake mwenyewe.

Desturi za Wenzetu

Yafaa tujifunze pia kwa wenzetu. Huko Ufaransa, nchi ya wale wageni, halmashauri nyingi za vijijini zimetenga viwanja vidogo ambapo magari ya namna hii huegeshwa usiku. Hakuna anasa hapo. Pana bomba la maji safi, shimo la kumwaga maji machafu na choo, na ubao unaoeleza masharti. Vingine ni vya bure, vingine hutozwa ada ndogo. Tangu mwaka 1993 uko pia mpango uitwao France Passion, ambao kwao wakulima wa zabibu, wafugaji na watengenezaji wa jibini humkaribisha msafiri alaze gari lake shambani kwa usiku mmoja bila malipo. Sharti la kwanza ni kwamba mgeni amwone mwenyeji na kumsalimu afikapo. Hakulazimishwa kununua kitu, lakini ni wachache waondokao bila chupa au kipande cha jibini. Kijiji hupata faida, na msafiri hupata usingizi.

Je, sisi tunashindwa na nini? Mkulima wa Ankole ana maziwa, ndizi, asali na kivuli. Wapo wenyeji wa Ruharo, Biharwe na Rubindi ambao wangeweza kupokea gari moja au mawili kwa usiku, wakauza ndizi na maziwa, iwapo tu wangekuwa na hakika kwamba polisi hawatawasumbua. Jambo hilo lahitaji kiwanja kinachojulikana, choo safi na askari wa zamu anayepita mara moja. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akutoze.

Wala desturi ya kusafiri na mbwa si ya jana. Kampuni ya Citroën ilipotuma magari kuvuka jangwa la Sahara, kutoka Touggourt tarehe 17 Desemba 1922 hadi Timbuktu tarehe 7 Januari 1923, ndani ya msafara huo alikuwamo mbwa mdogo aitwaye Flossie. Msafara wa pili wa kampuni hiyo, wa miaka ya 1924 na 1925, ulifika hadi Kampala, na hapo ukagawanyika mafungu manne kuelekea mwambao wa mashariki na kusini mwa bara. Kwa hiyo Mfaransa mwenye gari na mbwa si kioja katika nchi hii. Karne nzima imepita tangu wa kwanza waje.

Habari ya Mbwa

Sasa tumgeukie mbwa mwenyewe, kwani hapa ndipo makosa mengi hutendeka. Mbwa haruhusiwi kuingia katika hifadhi za taifa, kama vile ile ya Ziwa Mburo iliyo karibu na Mbarara, na sababu yake ni nzuri: aweza kuwapelekea wanyamapori maradhi au kupata maradhi kwao. Ndiyo maana msafiri mwenye mbwa hawezi kulala kwenye kambi za hifadhini. Hulazimika kulala miongoni mwetu, mijini na vijijini. Akifukuzwa huku na kukatazwa kule, atalala barabarani.

Yako mambo matatu ambayo askari anapaswa kuyajua. La kwanza ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wengi wao wakiwa Asia na Afrika, na karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Dalili zake zikishajitokeza, ni nadra sana mtu kupona. Lakini unazuilika. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha mtu akimbilie hospitali apate chanjo. Chanjo hiyo mwanadamu aliipata kwa mara ya kwanza mjini Paris mwezi wa Julai 1885, mikononi mwa Louis Pasteur. Mbwa wa msafiri wa Ulaya kwa kawaida ana kidude chenye namba chini ya ngozi na cheti kinachoonyesha tarehe za chanjo yake, na kurudi kwao kutoka nchi kama zetu hudai pia damu yake ipimwe. Basi askari na aulize: “Cheti cha chanjo kiko wapi?” Hilo ni swali la kitaalamu, nalo lina manufaa kuliko kuinua fimbo. Swali hilo hilo tuwaulize jirani zetu na sisi wenyewe kambini, kwa maana wataalamu husema mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

La pili ni silaha. Zipo tabia za watu wenye bunduki kumpiga risasi mbwa kwa kuwa amebweka tu. Kubweka ndiyo kazi yake. Wenzetu wa kikosi cha mbwa wa polisi wanajua kwamba mnyama huyu huyu, akilishwa na kufundishwa vyema, humfuata mwizi kwa harufu hadi mlangoni kwake pale macho ya binadamu yalipokoma. Askari anayemdharau mbwa anamdharau askari mwenzake.

La tatu ni heshima kwa majirani. Wako Waislamu wengi, raia na wakimbizi, ambao kwa mafundisho ya dini yao hawapendi kuguswa na mate ya mbwa. Msafiri aelezwe jambo hilo kwa upole, naye amfunge mbwa wake kamba apitapo mbele ya watu. Wakati huo huo tukumbuke kwamba Kurani yenyewe, katika sura ya Pango, yawataja vijana waliolala usingizi mrefu huku mbwa wao amenyoosha miguu yake ya mbele mlangoni. Usingizi wa wasafiri na mlinzi wao mwenye miguu minne ni habari iliyotajwa kwa heshima tangu kale.

Nyumba ya Magurudumu na Nyumba Iliyoachwa

Haitakuwa haki tukizungumza habari ya wageni wa Mbarara bila kuitaja Nakivale. Upande wa kusini mashariki, katika wilaya ya Isingiro, ziko ardhi za makazi ya wakimbizi zilizoanza kuwapokea Wanyarwanda tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni miongoni mwa makazi ya namna hiyo yenye umri mkubwa kuliko mengine barani Afrika. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo zaidi ya laki moja, na Kiswahili ni daraja lao. Watu hawa nao walikuwa wasafiri. Tofauti ni kwamba yule Mfaransa ameibeba nyumba yake, hali wao wameiacha yao nyuma. Yeye amepumzika kwa hiari, wao wamesimama kwa sababu hawakuwa na pa kwenda.

Tungekuwa wanafiki kama tungewasihi askari wawe wapole kwa mwenye gari la fahari, kisha tukanyamaza kwa mama wa Kikongo ashukaye basi Mbarara usiku na mtoto mgongoni. Na uwanja wa hospitali nao una wageni wake: jamaa wa wagonjwa wanaotandika mikeka nje kwa kukosa fedha za nyumba ya wageni. Wote hao wana haki moja ya kusalimiwa, ya kuulizwa maswali ya kweli, na ya kuonyeshwa mahali pa kulala bila kuibiwa. Kipimo cha askari mwema ni jinsi anavyomtendea yule asiyeweza kumletea faida wala hasara.

Pumziko la Askari Mwenyewe

Mwisho, tuwakumbuke wapumzishaji wenyewe, kwani asiyepumzika hajui thamani ya pumziko. Wataalamu wamepima wakaona kwamba mtu aliyekuwa macho kwa saa 17 mfululizo huzubaa kama mtu aliyekunywa pombe kidogo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya dereva wa lori au basi hulazimishwa na sheria kusimama dakika 45 kila baada ya saa nne na nusu za kuendesha. Sisi tunao madereva wa malori ya jeshi na magari ya polisi ambao hutoka Kampala usiku, wakaendesha kilomita zipatazo 270 hadi Mbarara, kisha wakaambiwa waendelee hadi Kasese. Katika hali hiyo dereva hana kosa. Kosa ni la amri. Mwenda pole hajikwai, na afisa anayempa dereva wake saa moja ya kulala hapotezi saa hiyo, bali anaokoa watu walioko nyuma ya gari.

Hali kadhalika askari aliyesimama kizuizini tangu alfajiri bila kupokelewa hawezi kuwa na adabu saa nne ya usiku. Tunaamini kwamba sehemu kubwa ya ukali unaolalamikiwa na raia hauna asili ya ubaya wa moyo. Ni uchovu tu uliovaa sare. Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa vituo na makambi wazitazame zamu zao kwa jicho la kibinadamu, wala wasingoje ajali iwakumbushe.

Rai yetu basi ni hii. Mamlaka ya jiji la Mbarara na watu wa Ruharo na watenge kiwanja kinachojulikana cha wasafiri kulala, chenye maji na choo. Kila kituo cha polisi njiani kiwe na askari anayejua kumwelekeza mgeni pa kulala usiku badala ya kumfukuza. Mbwa waulizwe cheti, wasiulizwe kwa risasi. Na kila mwenye sare apate usingizi wake, ili aweze kuulinda usingizi wa wengine.

Asubuhi ile pale Ruharo, wageni walikunja mkeka wao, wakaokota hata maganda ya ndizi, wakamshukuru mwenye kiwanja. Mbwa mzee alipanda garini polepole, akasaidiwa miguu ya nyuma. Wale askari wa doria walikuwa wakirudi kutoka zamu, nyuso zao zimechoka. Mmoja akapunga mkono na kumwita mbwa kwa jina lake. Tungependa kuona nchi nzima ikiwa na askari wa namna hiyo, na tunaamini kwamba wengi wenu ndivyo mlivyo.